MALI NA NYUMBA: Kabla ya Kumtuhumu Dereva, Lipimeni Tangi



Wiki hii tumeazimia kulizungumzia jambo ambalo ni nadra kuandikwa katika kurasa za familia, ingawa pesa za familia hulizama kila wiki. Nalo ni lile gari kubwa la nyumbani, lenye umri wake, ambalo limeanza kunywa mafuta kuliko lilivyozoea. Magari ya namna hii ni mengi kwetu. Ukishuka feri ya Likoni ukaelekea Shika Adabu, utayaona mbele ya nyumba, chini ya miembe na minazi: Prado, Pajero, X-Trail, RAV4. Mengi yaliingia nchini kupitia bandari yetu hii hii yakitoka Japani, tayari yakiwa yametumika, kwa kuwa kanuni ya Kenya huruhusu kuingizwa gari lisilozidi umri wa miaka 8. Gari lililotengenezwa mwaka 2004, basi, leo limepita miaka 20. Ni mzee wa heshima, na mzee hupimwa afya kabla ya kulaumiwa.

Ndugu yetu mmoja wa Shika Adabu ametuandikia kuhusu Prado yake ya petroli, injini ya lita 2.7. Mwenye kuliendesha ni mpwa wake, mtoto wa dada yake. Mara mbili kwa wiki kijana humvusha bibi yake kwenda Hospitali Kuu ya Pwani kusafishwa damu, na siku nyingine huwapeleka wadogo zake skuli na chuoni. Kwa miezi kadhaa sasa mafuta hayatoshi. Ndugu yetu hajamwambia kijana neno, lakini ameacha kumpa pesa mkononi, na amekuwa akifuatana naye hadi kituo cha mafuta. Kijana ametambua. Dada naye ametambua, na chai ya jioni haina tena maneno mengi. Swali lake kwetu ni hili: atajuaje kama mafuta yanaliwa na gari au yanaliwa na mtu?

Swali hili lina nusu mbili, nasi tunaona kuwa nusu ya kwanza ikijibiwa kwa ukamilifu, ya pili aghalabu hujijibu yenyewe. Dini yetu imetutahadharisha na dhana mbaya, na imetuamuru tutimize vipimo. Katika jambo hili amri hizo mbili hukutana mahali pamoja: apimaye hahitaji kudhani.

Kipimo kwanza

Wengi wetu hupima mafuta kwa pesa. Husema, "Zamani elfu mbili ilinifikisha Jumatano, sasa haifiki Jumanne." Hicho si kipimo. Bei ya mafuta hutangazwa na EPRA kila tarehe 14 ya mwezi, ikatumika hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata, na kodi ya ongezeko la thamani juu ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16 mnamo Julai 2023. Elfu mbili ya mwaka huu si lita zile zile za miaka iliyopita. Huenda gari halina kosa lolote, ni shilingi tu iliyokonda.

Wengine hupima kwa mshale wa geji. Mshale huo hufuata boya lililomo ndani ya tangi, nalo boya hupanda na kushuka kwa mwinamo wa barabara, na kwa magari yenye umri hushuka haraka katika nusu ya pili ya tangi kuliko nusu ya kwanza. Geji hutuonya tusikwame njiani. Hatuwezi kuitumia kumhukumu mtu.

Kipimo cha haki ni hiki. Jaza tangi katika kituo kimoja, pampu moja, gari likiwa mahali tambarare, mpaka bomba lijikate lenyewe mara ya kwanza. Usilazimishe zaidi ya hapo. Andika kilomita zilizopo kwenye dashibodi. Endesheni kama kawaida mpaka tangi lishuke angalau nusu. Rudini kwenye pampu ile ile, mjaze kwa namna ile ile, kisha muandike lita zilizoingia na kilomita zilizotembewa. Gawanya kilomita kwa lita. Fanyeni hivyo mara tatu na mchukue wastani, kwa sababu kujaza mara moja kunaweza kudanganya kwa lita mbili au tatu. Daftari likae ndani ya gari pamoja na risiti, na kila anayelishika usukani aandike.

Tuchukue mfano. Gari limetembea kilomita 420 likaingiza lita 60: hizo ni kilomita 7 kwa lita. Tuseme zamani lilikuwa likitoa kilomita 9. Kwa familia inayotembea kilomita 900 kwa mwezi, mwendo wa 9 hutaka lita 100, na mwendo wa 7 hutaka karibu lita 129. Tukikadiria lita moja kwa shilingi 180, tofauti hupita shilingi 5,000 kila mwezi. Kwa nyumba nyingi hiyo ni ada ya mtoto ya chuo, au dawa za mzee, au sadaka iliyokuwa ikitolewa kimya kimya na sasa imekatika. Kwa hiyo jambo si dogo, wala hatumlaumu ndugu yetu kwa kulihangaikia.

Kuna mtego mmoja katika hesabu hii. Ikiwa magurudumu yalibadilishwa, tazama saizi iliyoandikwa ubavuni. Prado nyingi za miaka hiyo zilitoka na saizi ya 265/65R17. Mtu akitia 265/70R17 ili gari lisimame juu zaidi, gurudumu huwa kubwa kwa zaidi ya asilimia 3, na dashibodi huhesabu kilomita chache kuliko zilizotembewa kweli. Gari litaonekana limeharibika katika daftari, hali barabarani liko vile vile kwa sehemu hiyo.

Njia imebadilika, au ni gari?

Tukishapata namba, tujiulize kama maisha ya gari yamebadilika. Injini inayonguruma bila kutembea hunywa mafuta na haiandiki kilomita hata moja. Injini ya petroli ya ukubwa wa lita 2.7, ikiwa imewashwa na kiyoyozi kinafanya kazi, inaweza kunywa lita moja hadi moja na nusu kwa saa. Foleni ya feri ya Likoni twaijua sote. Dakika 40 za kungoja kwenda, na dakika 40 za kungoja kurudi, gari limeshakunywa lita moja na nusu au zaidi kabla ya safari kuhesabiwa. Ikiwa foleni ya mwaka huu ni ndefu kuliko ya mwaka jana, kilomita kwa lita zitashuka bila ya kuharibika kitu.

Kinyume chake pia ni kweli. Mwenye kupitia barabara ya Dongo Kundu, kutoka Kibundani hadi Miritini, hukwepa foleni na injini yake hufanya kazi kwa utulivu, basi daftari lake litaonyesha kilomita nzuri kwa kila lita. Lakini mzunguko ni mrefu. Chukua mfano wa njia ya kilomita 10 kwa mwendo wa 6 kwa lita: ni lita 1.7. Mzunguko wa kilomita 35 kwa mwendo wa 10 kwa lita ni lita 3.5. Gari limesifika katika daftari, na mfuko umelipa maradufu. Kwa hiyo andikeni mambo mawili: kilomita kwa lita, ili mjue afya ya gari, na lita kwa mwezi, ili mjue afya ya mfuko.

Safari fupi nazo zina gharama. Injini ikiwa baridi, kompyuta yake huipa mafuta mengi mpaka ipate joto. Gari linalowashwa mara sita kwa siku kwa safari za kilomita mbili mbili, kutoka nyumbani hadi dukani, kutoka dukani hadi chuoni, aghalabu halifiki katika hali yake ya raha.

Yanayoweza kuangaliwa nyumbani

Anza na pua na macho. Asubuhi, kabla ya kuwasha, inama uangalie chini ya gari na unuse. Harufu ya petroli karibu na tangi, au karibu na injini, haifai kupuuzwa hata siku moja. Mbali na hasara, ni moto unaosubiri cheche. Gari lenye kuvuja lisiwashwe, na mtu asivute sigara karibu nalo, mpaka fundi alione.

Kisha magurudumu. Upepo ukipungua gari huwa zito, lakini tuseme ukweli kwa kadiri yake: kila pauni moja ya upepo inayopungua katika magurudumu yote manne hupoteza takriban asilimia 0.2 ya mafuta. Magurudumu yakipungua pauni 10, hasara ni kama asilimia 2. Yafaa kurekebisha, hasa kwa usalama, na namba sahihi imeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Lakini gari lililotoka 9 hadi 7 limepoteza asilimia 22, na upepo peke yake hauwezi kubeba lawama hiyo. Mizigo vivyo hivyo. Kilo 45 za vitu vilivyosahauliwa nyuma hugharimu kama asilimia 1, na kwa gari kubwa ni chini ya hapo. Keria ya juu ya paa husumbua zaidi, kwa kuwa hupambana na upepo katika mwendo wa kasi. Kama haina kazi, ishushwe.

Breki ni jambo zito zaidi, nasi watu wa pwani tunapaswa kuliangalia kuliko wenzetu wa bara. Hewa yetu ina chumvi. Pini zinazoiachia breki zirudi nyuma huingia kutu, zikakwama, na breki ikabaki imeshika kidogo daima. Gari husukumwa na injini huku likivutwa na breki, na mafuta ndiyo yanayolipia ugomvi huo. Njia ya kutambua ni nyepesi. Endesha kilomita kumi hivi katika barabara iliyo wazi, ukijizuia kukanyaga breki kwa nguvu, kisha simama na upitishe mkono karibu na kila rimu bila kuigusa. Rimu moja ikiwa ya moto mno kuliko mwenzake wa upande wa pili, hapo pana breki iliyokwama au beringi inayokufa. Vilevile, katika mahali tambarare kabisa, tia gia huru na uachie breki ya mkono, mtu akiwa kwenye usukani. Watu wawili wazima wakisukuma gari nalo likakataa kuondoka, sababu itafutwe.

Kisha tazama dashibodi. Magari mengi ya namna hii yenye gia za kujiendesha yana kitufe kidogo kwenye mkono wa gia. Kikibonyezwa, taa yenye maandishi O/D OFF huwaka, na gari hukataa kuingia gia yake ya juu kabisa. Mtoto hukichezea, au abiria hukigusa kwa mfuko, na gari likaenda mwezi mzima likipiga kelele katika gia ya tatu. Hii ni "hitilafu" inayotibiwa kwa kidole kimoja. Na aliyepita katika mchanga au tope akafunga difu ya kati, asisahau kuifungua akirudi kwenye lami.

Kifaa kidogo kinachosahauliwa

Hapa tunataka kukaa kidogo, kwa sababu ni ada yetu hasa. Kwenye injini kuna kifaa kiitwacho thamostati, kidogo kuliko kiganja. Kazi yake ni kufunga njia ya maji ya rejeta wakati injini ni baridi, ili ipate joto upesi, na kufungua joto linapofika kama nyuzi 82 au zaidi, kutegemea gari. Pwani ni joto. Gari likichemka mara moja, mafundi wengi hukitoa kifaa hiki na kukitupa, wakisema, "Huku kwetu hakihitajiki." Gari haliwi linachemka tena, mwenyewe hufurahi, na fundi hushukuriwa.

Lakini injini sasa haifiki joto lake. Maji huzunguka kwenye rejeta wakati wote, hasa katika mwendo wa kasi, na sensa ya joto huiambia kompyuta kuwa injini bado ni baridi. Kompyuta haijui kuwa iko Likoni. Yenyewe huamini ilivyoambiwa, na huendelea kumwaga mafuta ya ziada kama kwamba kila saa ni alfajiri. Oili nayo hubaki nzito, na injini huchakaa mapema. Ajabu ni kwamba kuchemka kwenyewe aghalabu hakukusababishwa na thamostati nzima. Chanzo huwa ni rejeta iliyoziba, feni dhaifu, kifuniko cha rejeta kisichoshika, au maji ya kisima yenye chumvi yaliyotiwa mahali pa kuleanti. Ugonjwa umebaki, na gharama mpya imeongezwa juu yake.

Dalili yake ni mshale wa joto. Ukiendesha dakika 15 katika barabara iliyo wazi na mshale ukabaki chini ya mahali pake pa kawaida, au ukapanda penye foleni na kushuka penye mwendo, muulize fundi kama thamostati ipo, na kama ipo, isije ikawa imekwama wazi. Bei yake kwa kawaida haikaribii bei ya tangi moja la gari hilo. Ikirudishwa, rejeta nayo isafishwe, ili sababu ya kwanza isirudi.

Mbele ya fundi

Mambo ya nyumbani yakiisha, ni zamu ya fundi. Mfikie na daftari, si na malalamiko. Mwambie, "Fundi, gari lilikuwa likitoa 9, sasa ni 7 kwa tangi tatu mfululizo. Upepo uko sawa, halivuji, rimu hazina moto." Fundi mwema atafurahi, na asiye mwema atajua kuwa anazungumza na mtu anayepima.

Aanze na kuisoma kompyuta ya gari kwa mashine. Namba zinazotoka ni ushahidi, na ushahidi si hukumu. Katika magari yanayotumia namba za kimataifa, P0128 huashiria kuwa injini haipati joto, yaani turudi kwenye thamostati. P0172 huashiria kuwa mafuta yanazidi hewa. P0135 huashiria kasoro ya kipasha joto cha sensa ya oksijeni. Sensa hiyo hukaa kwenye bomba la moshi, ikaonja moshi na kuiambia kompyuta iongeze au ipunguze mafuta. Ikiharibika, kompyuta hupika bila kuonja. Katika hali mbaya kabisa, kasoro moja kama hii hupandisha ulaji kwa kiwango ambacho upepo, mizigo na keria vikijumlishwa havifikii. Lakini kabla ya kununua sensa, fundi akague kama bomba la moshi limetoboka mahali kabla ya sensa: hewa ya nje hupenya, sensa hudhani mafuta ni haba, na kompyuta huongeza bure. Kuchomelea tundu ni rahisi kuliko kununua sensa. Akague pia vifungo vya nyaya, maana chumvi yetu hula shaba.

Plagi zifunguliwe na kutazamwa. Plagi nyeusi yenye masizi makavu husema mafuta yanazidi. Yenye oili husema injini imeanza kuchoka. Plagi za kawaida hubadilishwa kila kilomita 20,000 hadi 30,000 hivi, na za iridiamu hufika 100,000; bandia zinazofanana nazo ni nyingi, kwa hiyo mnunue kwa mtu mnayemjua. Sensa ya kupima hewa inayoingia isafishwe kwa dawa yake maalumu, isifutwe kwa kitambaa wala kuoshwa kwa petroli.

Juu ya chujio cha hewa, tunasema jambo ambalo litawashangaza wengi. Katika magari ya kabureta, chujio chafu kiliongeza sana ulaji. Katika magari yenye kompyuta, kompyuta hupunguza mafuta kulingana na hewa iliyopatikana, kwa hiyo chujio chafu hupunguza nguvu zaidi kuliko kinavyoongeza ulaji. Libadilisheni kwa wakati wake, lakini msitarajie litibu asilimia 22.

Wenye magari ya dizeli wasome moshi. Moshi mweusi ni mafuta mengi au hewa haba: nozeli zilizochakaa, bomba la taboni lililopasuka, au chujio lililoziba, na hapa chujio lina uzito wake. Moshi wa samawati ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma baada ya injini kupata moto ni maji, au mafuta yasiyoungua.

Mwisho kabisa, baada ya hayo yote, ndipo ipimwe kompresheni ya kila silinda. Anayeanza kwa kusema "injini imekufa, leta pesa" ameanzia mwisho. Na kitu kimoja kibadilishwe kwa wakati mmoja, kisha tangi lipimwe tena. Mkibadilisha vitu sita kwa siku moja hamtajua ni kipi kilichotibu, na vitano kati ya hivyo huenda vilikuwa vizima.

Pampu na mafuta yenyewe

Lipo jambo la kituo. Pampu hukaguliwa na kutiwa muhuri na maafisa wa vipimo, na mwenye shaka ana haki ya kuwapelekea malalamiko. Kuhusu mafuta kuchanganywa na mafuta ya taa, serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa nia ya kuiondoa faida ya mchezo huo, na EPRA huyapima mafuta vituoni. Kwa mtu wa kawaida, njia nyepesi ni kubadili kituo kwa tangi tatu na kulinganisha daftari. Namba zikiruka, mmepata la kuuliza. Zikibaki pale pale, acheni kumsema mwenye kituo vibarazani, kwani naye ana heshima yake.

Sasa turudi kwa mtu

Tumemjibu ndugu yetu hivi. Tangi moja aliendeshe yeye mwenyewe, kwa njia zile zile na saa zile zile, pamoja na safari za hospitali. Likitoa 7 mikononi mwake, gari ndilo mlaji, na kijana ametoka safi bila ya kuulizwa swali.

Likitoa 9, bado asiharakishe. Kusafishwa damu huchukua kama saa nne. Dereva hungojea wapi muda wote huo? Kama hungoja ndani ya gari, madirisha yamefungwa na kiyoyozi kinavuma, hesabu ni hii: muda wa saa mbili tu kila safari, safari mbili kwa wiki, ni saa nne kwa wiki na kama saa 17 kwa mwezi. Kwa lita moja na nusu kwa saa, ni lita 25 na zaidi. Zile lita 29 tulizozitafuta katika mfano wetu zimekaribia kuonekana zote, na hakuna aliyeiba hata tone. Kijana alikuwa akingoja bibi yake katika jua la Mombasa, basi, na hakuna aliyewahi kumuuliza anangojea wapi.

Kwa hiyo mazungumzo yaanze kwa daftari. Yasianze kwa macho. "Mwanangu, gari linatushinda sote. Njoo tulipime pamoja, wewe uandike, nami niandike." Maneno haya hayamvunjii mtu heshima. Kama kweli ana kosa, daftari litamtaabisha kuliko maneno makali, na atajirekebisha akiwa bado na uso wa kumtazama mjomba wake. Kama hana kosa, hamtakuwa na tuhuma ya kuifuta. Tuhuma ikishasemwa ndani ya nyumba haitolewi kwa kusema "samahani, ilikuwa thamostati".

Na ikidhihirika, baada ya vipimo vyote, kuwa lita hupotea katika siku fulani tu, risiti hazilingani na daftari, na kilomita hazielezi, basi asemezwe faraghani na mkubwa mmoja tu, bila ya kumwita dada kuaibika na bila ya kulipeleka barazani. Yafaa pia kuuliza kama kijana hupewa chochote kwa kazi anayoifanya. Wengi wetu huwatumia watoto wa ndugu zetu kama madereva miaka na miaka, tukawapa chakula na dua, tukasahau kuwa nao wana mahitaji.

Kwa muhtasari, wiki ya kwanza: daftari, tangi la kwanza, harufu, upepo, joto la rimu, taa ya O/D, mshale wa joto. Wiki ya pili na ya tatu: matangi mawili mengine, moja likiendeshwa na mwenye gari. Ndipo twende kwa fundi na namba zetu, tukimtaka abadilishe kitu kimoja kimoja. Mwenye kufuata mpango huu hatatumia pesa nyingi kabla ya kujua anachokitibu.

Wenye maswali watuachie kwa maandishi kama kawaida, bila kutaja majina ya watu. Wiki ijayo, inshaAllah, tutazungumzia matangi ya maji ya nyumbani na namna ya kuyasafisha kabla ya mvua za masika. Mwenyezi Mungu azilinde nyumba zetu na njia zetu.

Wabillahi tawfiq.